Pembe Bila Kijiti

Nyinyi vijana mnaokuja kukaa barazani pangu hapa Kibokoni, simu mkononi, mkiniuliza, "Nyanya, Athman alifanyaje hata akawa vile?" nawajibu leo kwa maandishi, nichoke mara moja. Kaeni vizuri. Toeni hizo nyaya masikioni. Mimi sikusoma sana: chuoni kwa Qur'ani nilihitimu, skuli nikafika darasa la tatu nikatolewa. Haya nimeyaandika kwa mkono wangu, na binti yangu Maryam, mamake Athman, amenyoosha herufi tu. Maneno hakuyagusa. Nilimkataza.

Athman nyinyi mwamjua kwa jina lake la jukwaani. Mimi silitaji, maana si mimi niliyempa. Mwamjua kwa kurap, maneno yakimtoka mbio kama mtama uliopasukiwa gunia, na chini ya maneno yake zalia pembe: ko, ko-ko, ko. Mwadhani siri iko kwenye maneno. Haiko. Iko kwenye pembe, na pembe ndiyo kazi niliyoifanya tangu kabla sijaolewa hadi mvi ziliponijaa.

Kazi yangu ilikuwa vugo. Ni ngoma ya harusi ya wanawake. Kila mmoja ashika pembe ya ng'ombe au ya nyati mkono wa kushoto, kijiti mkono wa kulia, twasimama safu, twayumba pamoja. Mmoja hutoa wimbo, wengine huitikia. Mwanamume haingii. Nikifumba macho sasa hivi naiona: turubai limefunika ua, jua la alasiri lapenya kwenye matundu yake na kumwagika juu ya leso kama sarafu, moshi wa udi wapanda polepole, asumini kwenye nywele za watu. Na sauti ya pembe. Pembe hazilii kama ngoma za ngozi. Ngoma hukupiga kifuani. Pembe hukupitia kama mtu anayekumbuka jambo. Hadi leo nikilala mchana huja zenyewe, zalia bila mikono, zaning'inia hewani juu ya kitanda changu, nami nayumba usingizini. Maryam aniambia, "Mama, ulikuwa wacheza." Namwambia aende akaangalie chungu.

Aliyenifunza ni Bi Mize. Alikuwa mfupi, mweusi, jicho moja lina ukungu, na lile jingine laona mara mbili. Siku ya kwanza nilikwenda kwake na sauti yangu, kila mtu alikuwa akiisifu. Nikafungua mdomo kabla sijaambiwa. Aliniangalia mpaka nikanyamaza.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Bi Mize."

"Nani amekuitikia?"

Nikatazama huku na huku. Hakuna.

"Basi hukuimba," akasema. "Umepiga kelele."

Akanipa pembe. Nikangoja kijiti. Hakunipa. Mwezi mzima nilisimama kwenye safu na pembe bila kijiti, wenzangu wakipiga, mimi nimeshika tu. Wasichana walinicheka: "Huyo yuwachunga ng'ombe aliyekwisha kufa!" Nililia kwa hasira. Lakini mwezi ulipokwisha, mkono wangu wa kushoto ulikuwa umejua mahali pa kukaa, na pembe hailii vizuri kama mkono wa kushoto una wasiwasi. Kisha nikapewa kijiti, nikapiga mwaka bila kuimba. Kijiti kiwe cha mpera, kikavu, urefu wa shubiri moja na vidole viwili. Pembe ipakwe mafuta ya nazi, isianikwe juani. Mvua ikinyesha sauti yake hushuka, nawe ushuke nayo, usishindane. Na ukitaka koo lidumu, acha maji ya barafu. Athman nilimwambia hilo tangu mdogo. Barafu aliacha. Mengine ndiyo hayo nitakayoyaeleza.

Katika vugo kuna kupigana kwa wimbo. Mtaa huu na mtaa ule, safu mbili zatazamana, mmoja atupa kijembe, mwenziwe ajibu kabla pembe hazijamaliza mzunguko. Ukichelewa umeshindwa. Bi Mize alitufunza: usimguse maiti, usimguse tasa, usimguse mgonjwa. Na kubwa kuliko yote: neno lililoimbwa na kuitikiwa halirudishwi jikoni. Huwezi kwenda kwa mtu kumwambia, "Bui, shoga yangu, nilikuwa nacheza tu." Umeimba mbele ya watu, utalirudi mbele ya watu, kwa wimbo, na waliokuitikia waitikie tena. Niliwafunza wasichana wengi sheria hizo. Kisha nikaja kuvunja mojawapo mimi, mwalimu mzima.

Athman alikuwa na umri wenu alipoanza. Alishinda shindano moja la vijana pale uwanja wa Tononoka, akarudi nyumbani amebebwa. Mimi nilisema tu, "Waenda mbio mno. Huachi watu nafasi ya kukuitikia." Akacheka. "Nyanya, rap si vugo." Sauti yake ilikuwa nzuri, na nilikuwa nikijua ameitoa wapi: tangu utotoni akikaa baraza ya nje ya kila nyumba ninayopigia, mgongo ukutani, asikiza tu.

Sijui unga, ule wa kulevya, uliingia mlango gani. Wenzake wa maskani walikuwa nao, naye alikuwa na jina na watu wa kumpa bure mwanzoni. Mwanzo nilidhani ni uchovu. Alikuwa akisinzia na kijiko mdomoni. Akijikuna. Akisema polepole, yeye, ambaye maneno yake nilikuwa siyafikii. Asipoupata, alosto ikimshika: mifupa yamuuma, atapika, atetemeka juani kama aliyetiwa kwenye maji. Kisha vitu vikaanza kutoka nyumbani. Radio. Sufuria mbili. Leso za mamake, zile za kuwekwa. Mtungi wa gesi, ukiwa bado una moto chini ya maharagwe. Chekeni, chekeni. Mimi pia nacheka sasa.

Sasa sikizeni, maana hapa ndipo kosa langu lilipo.

Ilikuwa harusi ya alasiri, mtaa wetu na mtaa wa Kuze. Upande wa pili alitoa Zuhura, mpinzani wangu wa miaka, mwanamke mrefu, sauti kama wembe uliopashwa moto. Twapendana na kuchukiana kama mawifi. Nilikuwa nimemshinda mara mbili siku hiyo na ua wote wacheka. Akaja mbele, akaniangalia, akatoa:

*Bui wafagia kwetu, na kwako zajaa taka;*
*mjukuu yu ndiani, asinzia kiamka.*

Alikuwa amegusa mgonjwa. Bi Mize angekuwa hai angetupa pembe yake chini, na ngoma ingekwisha pale. Mimi nilikuwa na nafasi ya kufanya hivyo. Pembe zilikuwa zikienda, mzunguko wakaribia kwisha, watu wote macho kwangu, na aibu ilinipanda kama maji ya moto. Jibu likaja lenyewe, zuri, limekaa sawasawa kwenye mizani. Hilo ndilo baya lake. Nikatoa:

*Sina mjukuu mimi, tawi bovu nimekata;*
*hata akipiga hodi, jibu langu hatapata.*

Na wanawake wakaitikia. Pande zote mbili. *Hatapata! Hatapata!* Pembe zikalia, vigelegele vikapanda mpaka turubai likatikisika, Zuhura akainamisha kichwa kunipa ushindi. Nilikuwa kama niliyelewa. Nilihisi naelea juu ya ua ule, juu ya mapaa, nauona mji wote mweupe chini yangu, na kila dirisha laniitikia.

Nilipofika nyumbani Maryam alikuwa ukumbini, uso umemvimba.

"Mama, umeimba nini?"

"Nimeshinda."

"Athman alikuwa baraza ya nje. Kama siku zote."

Akarudi zake jikoni. Nilikaa, nikavua viatu. Na mara, mlangoni, sauti ya Athman:

"Hodi."

Mimi nyumbani kwangu mlango haujapata kufungwa mchana. Alikuwa aweza kuingia. Alisimama nje.

"Hodi, nyanya."

Maryam alitoka jikoni mbio na mwiko mkononi, wali wadondoka. Nikainua kidole. Nikasema kwa sauti ya chini, kila mtu nyumbani asikie: "Asiitikiwe."

Mwaweza kuniuliza kwa nini. Nilikuwa nimeimba. Ningewezaje kutoka kwenye ushindi ule nikaufuta nikiwa bado nina vumbi la ngoma miguuni? Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na ni fikira ya kipumbavu, lakini ndiyo niliyokuwa nayo.

"Hodi," mara ya tatu. Mwajua kwetu ni mara tatu, usipoitikiwa waondoka. Kisha hatua zake, moja, moja, mpaka kichochoro kikazimeza.

Siku nyingi zikapita. Tukasikia yuko upande wa Kilindini, alala kwenye vivuli vya malori, ageukageuka na jua. Mimi niliendelea na harusi zangu. Lakini nikitoa wimbo, wanawake wakiitikia, masikioni mwangu nasikia *hatapata*. Wimbo wowote. Wimbo wa kumsifu bwana harusi, *hatapata*. Wimbo wa kumpamba biharusi, *hatapata*. Siku moja nikafungua mdomo na hakikutoka kitu. Nikampa mwenzangu nafasi, nikajifunga buibui, nikaenda zangu. Watu husema nilistaafu kwa uzee. Sasa mwajua.

Siku hiyo niliteremsha pembe zangu ukutani nizifunge kwenye gunia. Ni saba, na moja ni ya Bi Mize, ya nyati, nyeusi, yang'aa kama jicho. Nilizihesabu. Saba. Nikazihesabu tena. Athman alikuwa amebeba mtungi wa gesi mgongoni mchana kweupe, na pembe hizi zilining'inia kwenye msumari kimo cha bega lake, na mwenye duka la vinyago vya watalii yu mita hamsini. Hakugusa hata moja. Nikakaa chini sakafuni nazo mapajani. Sijui nilikaa muda gani. Jua liliingia kwa dirisha hili likatoka kwa lile.

Kisha mama mmoja, mfanyakazi wa kujitolea anayezungukia maskani, akaja kumwambia Maryam: mwanao ameanza dawa. Ni dawa ya kunywa, methadoni, hutolewa kliniki kila asubuhi, wainywa mbele ya muuguzi, na lazima uende kila siku, Idi na mvua. Kesho yake nilivaa buibui, nikatia pembe ya Bi Mize kwenye kikapu, nikaenda kupanga foleni pale kliniki.

Alikuwa amekonda, mashavu yamezama. Aliniona, akatazama chini.

"Shikamoo, nyanya."

"Marahaba. Wala?"

"Nala kidogo."

Tukasimama. Watu wakasogea, nasi tukasogea.

"Turudi nyumbani," nikamwambia.

Akatikisa kichwa, si kwa hasira. "Nyanya, uliimba."

"Niliimba."

"Na wakaitikia."

"Wakaitikia."

"Basi," akasema. "Wewe ndiwe uliyenifunza. Neno la ngomani halirudishwi jikoni."

Kumfunza mtu vizuri kuna hasara zake. Nilitia mkono kikapuni, nikampa pembe. Aliipokea kwa mikono miwili, akangoja. Nilikunja mikono yangu.

"Kijiti kiko wapi?"

"Wakitakia nini?"

Alinitazama, na ile hadithi ya Bi Mize niliyomsimulia mara mia ikampitia usoni. Akacheka. Meno yalikuwa yameharibika, lakini kicheko kilikuwa chake. Kijana nyuma yetu akauliza, "Bibi, huyo yuwachunga ng'ombe gani?" Nikamwambia, "Wewe ngoja zamu yako." Foleni yote ikacheka.

Mwezi mzima nilikwenda naye kila asubuhi, yeye na pembe bila kijiti. Simuulizi kitu. Mkono wake wa kushoto ulitetemeka wiki mbili, kisha ukapunguza, kisha ukatulia. Nikampelekea kijiti cha mpera. Akaanza kupiga polepole kwenye benchi, *ko, ko-ko, ko*, na wale wenzake, mateja wenye macho ya usingizi, wakaanza kugonga kwa vidole magotini, na muuguzi akigonga kwa kalamu. Wallahi asubuhi zile zilikuwa kama ndoto ya mtu mwingine niliyoingizwa kwa makosa: nuru ya mapema, watu waliochoka wayumba kwenye benchi, na hakuna anayeimba. Nilimkataza kurap. "Mwaka mzima pembe tu." Hakubisha.

Alianguka mara moja, akaurudia unga. Siku tatu hakuonekana, na pembe ikaletwa nyumbani na mtu, imefungwa kwenye gazeti, na ujumbe: *sistahili*. Nikampa Maryam airudishe. "Mwambie pembe si medali. Aliyepoteza mdundo hatundiki pembe. Hupiga mpaka aupate." Siku ya nne alikuwa kwenye foleni. Nanyi mlio nayo nyumbani maradhi haya, msidhani kuanguka ndio mwisho wa wimbo. Ni kijiti kilichodondoka. Chaokotwa.

Lakini nyumbani hakuja. Alipata chumba Majengo, kwa fundi wa mitambo ya kurekodi, Katana, kijana Mgiriama mtaratibu asiyetia neno baya mdomoni. Mwaka ulipotimia Athman akaandika wimbo wake wa kwanza, akaniambia Katana ataka pembe za kweli ndani yake. Nikajua wakati wangu wa kulirudi neno umefika.

Hiyo studio ni chumba kimoja, kuta zimebandikwa trei za mayai. Niliuliza kuku wako wapi. Nikavua viatu, nikatoa salamu, Katana akanivisha vile vidude vya masikio juu ya buibui, nikajisikia napumua kama ng'ombe.

"Imba, bibi."

"Nani ataitikia?"

"Hiyo tutaongeza baadaye."

"Kuitikia si chumvi, mwanangu, ukaongeza baadaye."

Athman kwenye kona akainama, mabega yamtikisika kwa kucheka. Lakini alikuwa amenielewa. Walioitikia siku ile ndio watakaoitikia leo. Nikavaa viatu, nikaenda Kuze kwa miguu, kwa Zuhura, ambaye sikuwa nimesema naye tangu alasiri ile.

Alifungua mwenyewe. "Ah! Waniita mimi, bui? Nilidhani umekwisha kuzikwa, nikawa nauliza mbona sikualikwa kwenye pilau."

"Nahitaji kuitikiwa," nikasema.

Nikamweleza. Alikuwa akinisikiza huku akikunja na kukunjua ncha ya leso yake. Kisha akasema, bila wembe wowote kwenye sauti: "Mimi wa kwangu walio kwenye unga ni wawili, bui. Wanangu wa kuzaa. Nilimtaja wako mbele ya watu, nisije nikatajiwa wangu."

Tulisimama mlangoni mwake kama wajinga wawili. Kisha akavaa buibui, akagonga milango, nikagonga milango, tukajaza kile chumba cha Majengo kwa wanawake watu wazima waliopaka magoti dawa ya kuchua. Kilinuka karafuu. Katana hakuwa na mahali pa kusimama. Yeye tulimvumilia kwa ajili ya mitambo yake, uso ukutani; Athman tulimtoa nje, maana vugo ni vugo. Alikaa barazani, mgongo ukutani.

Nikashika pembe ya Bi Mize. Sikujua kama sauti ipo. Mdundo ulizunguka mara moja, mara mbili. Zuhura akanikanyaga mguu. Nikatoa:

*Mjukuu huyu wangu, neno langu nalirudi;*
*pita ndani mwana pita, imeitikiwa hodi.*

Kwenye *pita* ya pili sauti ilipasuka kama kikombe. Wakaitikia, Zuhura mbele yao, *pita, pita*, pembe zikilia, na nilihisi tena naelea, lakini safari hii chini, kwenye maji ya uvuguvugu, napelekwa taratibu na kitu kinachonijua. Katana akasema, "Bibi, turudie, hapo imekatika." Athman akasema kutoka nje, "Katana, iwache hivyo hivyo."

Ndiyo hiyo mnayoisikia. Yeye alikuja kuweka maneno yake juu, na mara hii ameacha nafasi za kuitikia. Sasa aalikwa kumbi kubwa, apigwa picha, ana vijana anaowafunza. Na kila asubuhi, popote alipokesha, yuko kwenye foleni ile kunywa dawa yake. Bado. Msimsifu mkasahau hilo.

Kesho yake baada ya kurekodi tulikuwa ndani, adhuhuri, harufu ya samaki wa kupaka yajaza nyumba. Mlango uko wazi. Sauti ikaja:

"Hodi."

Maryam alitoka jikoni na mwiko mkononi. Akasimama. Akatazama kidole changu. Watoto wa nyumba wakatazama kidole changu. Mpangaji wa juu akachungulia ngazini, naye akitazama kidole changu. Nikajua nilichokuwa nimewafunza nyumba nzima.

"Karibu!" nikaita, kwa sauti yote iliyobaki. Kisha nikawageukia wao, nikawaambia: "Kuanzia leo, hodi ya mlango huu iitikiwe kwanza, ndipo muulize ni nani. Na wewe, Maryam, weka mwiko chini ukampokee mwanao."